Faida pungufu kwa ajili ya mazingira: je, watu wa kawaida hukubali kweli?

SWALI

Assalamu alaykum. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wanawake 18 hapa Langoni, Lamu. Kwa miaka sita tumechanga hadi tumefikisha shilingi 720,000. Fungu la wanachama 15, yaani 600,000, liko kwenye mfuko wa soko la fedha, ule unaokusanya akiba za watu na kuzikopesha kwa muda mfupi. Watatu hawataki riba kabisa, kwa hiyo fungu lao liko benki kwenye akaunti isiyo na riba. Mwezi uliopita alikuja kijana wa kampuni moja ya uwekezaji akatuletea habari za mfuko wa "kijani": umeme wa jua, maji, mikoko. Alikiri kwamba faida yake ni pungufu kwa kama asilimia mbili kwa mwaka kuliko tunayopata sasa, ila akasema Ulaya na Marekani watu wa kawaida wameshakubali kupata kidogo ili mazingira yasalimike, sembuse sisi tunaokula kwa bahari. Chama kimegawanyika. Wengine wanasema pesa hizi ni karo ya watoto. Wengine wanasema bila mikoko hakuna samaki, na bila samaki hiyo karo itatoka wapi. Je, ni kweli watu wanakubali? Na sisi tukikataa, tutakuwa tumekosea?

JIBU

Waalaykumu salaam, dada yangu. Kijana hakuwadanganya. Wapo watu wengi, si matajiri, waliokubali kwa kujua kwamba faida yao ipungue ili pesa zao zifanye jema, na jambo hilo limepimwa. Lakini amewapa nusu ya habari, na ile nusu aliyobaki nayo ndiyo inayohusu mfuko anaowauzia.

Nianze na ushahidi ninaouamini kuliko mwingine. Uholanzi kuna mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa maduka, unaitwa Pensioenfonds Detailhandel. Wanachama wake ni watu wa kaunta na stoo, wale wanaopanga bidhaa kwenye rafu. Watafiti Rob Bauer, Tobias Ruof na Paul Smeets walishirikiana na mfuko huo kuwauliza wanachama: mnataka tuzisukume zaidi kampuni tulizowekeza kwao zifuate malengo ya maendeleo endelevu ya Umoja wa Mataifa, au tubaki tulivyo? Hojaji za namna hii ni nyingi, na nyingi hazina maana, kwa sababu mtu akiulizwa "unapenda mazingira?" bila kutozwa chochote atajibu ndiyo. Hii ilikuwa kura hasa. Wanachama waliambiwa kwamba matokeo yatafuatwa, na pesa zenyewe ni za uzeeni mwao. Theluthi mbili waliitikia ndiyo, na uungaji mkono haukutoweka kwa wale walioamini kwamba faida ingepungua. Walipoulizwa tena baada ya uamuzi huo kuanza kutekelezwa, msimamo ulikuwa bado imara.

Kwa hiyo mtu wa kawaida anaweza kuachilia sehemu ya haki yake kwa ajili ya mazingira. Hilo lisiwape shaka wenzako wanaodhani ni hadithi za wazungu matajiri.

Sasa sikiliza upande wa pili. Machi 2016 kampuni ya Marekani iitwayo Morningstar, inayopima mifuko ya uwekezaji, ilianza kuipa mifuko alama za uendelevu kwa picha za tufe: tufe moja kwa walio chini kabisa, matufe matano kwa walio juu. Mifuko yenyewe haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kila mtu aliiona alama. Samuel Hartzmark na Abigail Sussman walifuatilia pesa zilikokwenda. Mifuko ya tufe moja ilikimbiwa na zaidi ya dola bilioni 12, na ya matufe matano ikapokea zaidi ya dola bilioni 24. Ukisikia takwimu hizo utasema, tazama, watu wamechagua mazingira na kuacha pesa. Lakini wale wale watafiti walipochunguza watu wanafikiri nini wanapoona matufe matano, walikuta wanadhani mfuko huo utaleta faida kubwa zaidi na hatari ndogo zaidi. Na walipotafuta kama kweli mifuko ile ilifanya vizuri zaidi, hawakukuta dalili hiyo.

Umeona tofauti? Mfanyakazi wa duka wa Uholanzi, hata aliyeamini "huenda nikapoteza", alisema sawa. Yule wa Marekani huenda hakuachilia chochote moyoni mwake. Huenda alidhani amepata vyote viwili. Ukiwahesabu wote kwenye kapu moja utasema "dunia imekubali faida pungufu", na ndivyo vijana wa mauzo wanavyosema.

Kuna utafiti mwingine ambao ndio hasa ulionifanya niandike jibu refu. Florian Heeb na wenzake waliwapa wawekezaji uwekezaji wa aina mbili: mmoja ungeokoa nusu tani ya hewa ukaa, mwingine ungeokoa tani tano. Mara kumi zaidi. Kisha wakapima mtu yuko tayari kulipia kiasi gani. Watu walikuwa tayari kulipa, tena si kidogo. Lakini kiasi walichokuwa tayari kulipia tani tano hakikuzidi kwa maana yoyote kile cha nusu tani. Nao wakiwemo wawekezaji wazoefu, si wageni wa soko. Walilipia kuwa upande wa wema. Wema wenyewe ulikuwa na ukubwa gani, hawakuuliza.

Hapa nataka uwaangalie wale wenzako watatu wasiochukua riba, kwa sababu wao wanalielewa swali lako kuliko mshauri yeyote wa Nairobi. Pwani yetu imejaa watu waliofanya jambo hili kabla halijapewa jina. Bibi zetu waliweka pesa benki na wakakataa riba, mwaka baada ya mwaka, au wakaichukua na kuitoa bila kula hata senti. Hiyo ni faida iliyoachwa kwa hiari na watu wenye kipato kidogo, kwa kizazi kizima. Akija mtu kuniuliza kama mwekezaji wa kawaida anaweza kutanguliza jambo lingine mbele ya pesa, humwonyesha Lamu kabla ya kumwonyesha Uholanzi.

Lakini kitendo cha wale watatu ni cha aina fulani. Wao wanajiepusha. Kitendo kinakamilika pale wanapojiepusha, na thamani yake haitegemei kama benki imebadilika au la. Hata benki ikiendelea kutoza riba watu wengine milioni moja, wao wametimiza lao, na hakuna wa kuwauliza "mmepunguza riba kiasi gani nchini?"

Mikoko si hivyo. Nia yako njema haimpi kaa pa kujificha wala haizuii mchanga kumomonyoka. Mche umepandwa au haukupandwa. Umeshika au umekufa. Unaposema unaachilia shilingi kwa ajili ya mazingira, kitendo hakikamiliki kwa kuachilia. Kinakamilika pale kitu kinapobadilika huko nje kwa sababu ya shilingi yako. Wale waliolipia nusu tani sawa na tani tano walikuwa wanafanya tendo la matokeo kwa moyo wa kujiepusha, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana karatasi za mifuko ya kijani zina picha nzuri za majani na namba chache.

Kwa hiyo kwanza chama chenu kiamue kinataka lipi. Kama mnataka kujiepusha, yaani pesa zenu zisiingie kwenye kitu mnachokichukia, hilo ni jambo la heshima na gharama yake huwa ndogo. Kama mnataka mikoko iongezeke, hesabu ni nyingine.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue kwa mfano tu kwamba mnapata asilimia 12 kwa mwaka na mfuko wa kijani utawapa 10. Kwa shilingi 600,000, tofauti ya mwaka wa kwanza ni 12,000, sawa na 800 kwa kila mwanachama. Si nyingi, ndiyo maana kijana anaisema kwa sauti nyepesi. Lakini faida mkiiacha ndani izae, baada ya miaka kumi asilimia 12 inawapa karibu shilingi 1,863,500, na asilimia 10 inawapa karibu 1,556,200. Tofauti ni zaidi ya laki tatu. Hiyo ndiyo bei anayowauzia. Wanachama waijue kwa jina lake kabla hawajanyoosha mkono.

Je, laki tatu ni bei ya ukijani? Hapa ndipo ninaposhuku. Septemba 2020 serikali ya Ujerumani ilitoa bondi ya kijani (bondi ni hati ya mkopo unaolipiwa riba) ya miaka kumi, ya euro bilioni 6.5, na ikaifanya pacha wa bondi yake ya kawaida: mkopaji yule yule, tarehe ile ile ya kulipa, hatari ile ile. Kilichotofautiana ni kwamba moja pesa zake zilifungwa na matumizi ya mazingira. Kama kuna mahali ambapo unaweza kuona soko linatoza kiasi gani kwa rangi ya kijani peke yake, ni pale. Na tofauti ya faida baina ya pacha hao imekuwa ni sehemu za mia za asilimia moja. Sehemu za mia, dada yangu, si asilimia mbili nzima.

Kwa hiyo mtu akikwambia faida imepungua kwa asilimia mbili kwa sababu ni kijani, mwambie kijani hakigharimu hivyo. Hizo asilimia mbili zimekwenda mahali. Huenda zimekwenda kwenye ada ya usimamizi, ama mfuko umenunua vitu ambavyo vingekuwa na faida ndogo hata vingepakwa rangi gani. Mwombe kijana akuonyeshe ada ya mwaka ya mfuko wake kwa asilimia, uiweke kando ya ada ya mfuko mlio nao sasa. Huenda sehemu ya jibu ukaikuta hapo.

Halafu angalia tulivyofanya sisi wenyewe Afrika Mashariki, kwa sababu huku kwetu bondi za kijani hazikuja zikiomba kafara. Bondi ya kwanza ya kijani Kenya ilikuwa ya Acorn, mwaka 2019, shilingi bilioni 4.3 kwa ajili ya mabweni ya wanafunzi yaliyojengwa kwa kubana matumizi ya maji na umeme. Ililipa asilimia 12.25, bila kodi. Mtu wa kawaida hakuifikia, maana iliuzwa kwa wawekezaji wakubwa. Jirani zetu walifungua mlango zaidi: mwaka 2023 benki ya CRDB ya Tanzania ilitoa Kijani Bond kwa asilimia 10.25, kiwango cha chini cha kununua kikiwa shilingi za Tanzania 500,000. Ilitafuta bilioni 40, ikaletewa zaidi ya bilioni 171. Mwaka uliofuata mamlaka ya maji ya Tanga, watu wa mwambao kama sisi, ikatoa bondi ya kijani ya miaka kumi kwa asilimia 13.5 ili kupanua huduma ya maji, nayo ikajaa. Na mwishoni mwa 2025 Safaricom ilitafuta bilioni 15 kwa bondi ya kijani ya asilimia 10.4, kuanzia shilingi za Kenya 50,000, ikaletewa zaidi ya bilioni 41.

Hiyo 10.4 ukiitazama haraka utasema ni ndogo. Lakini sheria ya kodi ya mapato ya Kenya inaiachia kodi riba ya bondi za kijani zilizoorodheshwa sokoni, zenye muda usiopungua miaka mitatu. Mfuko wenu wa soko la fedha unakatwa asilimia 15 ya riba kabla hamjaiona. Kwa hiyo 10.4 isiyo na kodi ni sawa na asilimia 12.2 yenye kodi. Uking'ang'ania namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa bila kuuliza "baada ya kodi?", utadhani umeachilia kitu kumbe hukuachilia. Na kinyume chake pia: mfuko wa kijana, je, ile faida pungufu aliyotaja ni kabla au baada ya kodi? Hukuniandikia, na nadhani hakusema.

Nigusie jambo moja ambalo huwachanganya hata watu waliosoma. Ukinunua hisa au bondi kutoka kwa mtu mwingine sokoni, pesa yako inamwendea yule aliyekuuzia. Haiendi kwa kampuni. Wapwani wengi walinunua hisa za KenGen mwaka 2006 kwa shilingi 11.90, na KenGen ndiyo kampuni yenye visima vya mvuke vya Olkaria. Huwezi kupata kampuni ya kijani zaidi katika soko letu. Lakini ule ulikuwa uuzaji wa asilimia 30 ya hisa za serikali, kwa hiyo pesa zilikwenda Hazina ya Taifa. Hazikuchimba kisima hata kimoja. Na bei ya hisa ile ilishuka mpaka kama shilingi 2 kufikia mwaka 2023, kisha ikapanda tena sana mwaka 2025, na muda wote huo Olkaria iliendelea kutoa mvuke. Waliopata hasara hawakuwa wameitoa kwa mazingira, wala waliopata faida hawakuyaumiza. Kwa hiyo msifikirie kila shilingi inayopungua kwenye kitu cha kijani imegeuka kuwa mti.

Lamu tuna mfano mkubwa zaidi wa nini hubadilisha mambo, na ninausimulia kila ninapopata nafasi kwa sababu naona watu wa nje wanausahau. Mwaka 2016 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilitoa leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 kule Kwasasi. Mradi wa dola bilioni mbili. Watu wa Lamu chini ya mwavuli wa Save Lamu, wavuvi na walimu na akina mama kama nyinyi, waliupinga mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, kwa sababu kubwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Baada ya hapo ndipo wakubwa wa pesa walipoondoka: Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema mwaka huo huo kwamba haitaufadhili, na mwaka 2020 benki ya ICBC ya China ikajitoa. Angalia tarehe zinavyofuatana. Kujitoa kwa benki kulikuwa na uzito, kwa sababu mradi kama ule una wakopeshaji wachache na mmoja akiondoka pengo linaonekana. Lakini walioanza kuzifunga zile njia ni watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakisaini karatasi. Mwekezaji mdogo wa Ulaya aliyehamisha akiba yake kutoka mfuko mmoja hadi mwingine hakuwa na uzito wa saini moja ya mvuvi wa Kwasasi. Nasema hivi ili mjue kwamba chama chenu kina njia zaidi ya moja ya kuyatetea mazingira, na uwekezaji si lazima uwe ndiyo yenye nguvu.

Turudi kwenye mikoko, kwa kuwa ndiyo iliyowagawa. Kenya ina takriban hekta 61,000 za mikoko, na zaidi ya nusu, kama hekta 37,000, ziko Lamu. Wazee wetu waliifanya mtaji kweli kweli: boriti za Lamu zilipakiwa majahazini zikaenda kujenga Uarabuni na Ghuba ya Uajemi. Na serikali ilipopiga marufuku ukataji miti Februari 2018, wakataji boriti wa visiwani walipoteza kipato kwa siku moja. Sitawahesabu hao katika watu "waliokubali faida pungufu", kwa sababu hakuna aliyewauliza. Ninawataja kwa sababu katika mjadala wa chama chenu huenda kuna mama ambaye nyumba yake imeshalipa gharama ya mazingira kuliko mwekezaji yeyote wa Ulaya. Akisema pesa hizi ni karo, msikilizeni.

Kule Gazi, Kwale, kuna Mikoko Pamoja, mradi wa jamii unaotunza hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa, kama tani 3,000 kwa mwaka. Mapato yamepeleka maji na vifaa vya shule kijijini. Anayenunua tani ile hapati gawio wala riba. Analipa, anapewa hati ya tani, basi. Mimi naupenda uwazi huo. Anajua ametoa kiasi gani na amepata nini, wala hajajifanya kwamba amewekeza.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa shilingi 600,000 zenu ni kuvitenganisha vitu viwili. Karo iache iwe karo: ibaki mahali penye faida nzuri, ada ndogo na kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, mkiepuka kile ambacho dhamiri zenu zinakikataa. Kisha katika faida hiyo mkate fungu la mazingira mlitoe moja kwa moja. Zile 12,000 ambazo mngeziacha kimya kimya kwenye mfuko wa kijani, zipelekeni kwenye kikundi cha miche ya mikoko mnachokijua, mwende kwa mashua mkahesabu miche iliyoshika. Wale watatu wasiochukua riba hawazuiwi na chochote hapa: wanaweza kuchangia kutoka kwenye ada zao za mwezi. Nao wanajua hadithi ya Mtume kuhusu mti ambao ndege, mtu au mnyama akila matunda yake aliyeupanda huandikiwa sadaka. (Wakitaka fungu lao nalo lizae kwa halali, mifuko inayofuata sharia ipo nchini, hilo waniandikie wenyewe nitawajibu.)

Lazima niseme udhaifu wa njia hii, maana nimeuona katika vyama vingi hapa Malindi. Watu husema "tutatoa wenyewe", kisha mwaka unapita, mtoto wa fulani ameingia chuo, harusi imetokea, na fungu la mazingira halitoki. Uzuri wa mfuko wa kijani ni kwamba hausubiri ukumbuke. Kwa hiyo mkichagua kutoa wenyewe, iandikeni kwenye katiba ya chama: kila mwaka, kabla ya kugawana chochote, kiasi fulani kinatoka, na mweka hazina haruhusiwi kukikopesha.

Je, kuna wakati mwafaka wa kukubali faida pungufu ndani ya uwekezaji wenyewe? Upo. Ni pale ambapo pesa zako zinafanya kitu kiwepo ambacho bila wewe kisingekuwepo. Katika bondi ya bilioni 15 inayogombewa na bilioni 41, laki sita zenu zikiondoka nafasi inajazwa kabla jua halijachwa. Lakini mkopo wa 60,000 kwa akina mama wa Pate wanaotaka kuanzisha bustani ya miche, ambao benki haiwakopeshi kwa kuwa hawana hati ya shamba, hapo ninyi ndio benki. Faida mkichukua asilimia 6 badala ya 12, mmeachilia 3,600 kwa mwaka na kikundi kizima kimesimama. Wenye kuchelea riba wanaweza kuingia kwa ushirika wa faida na hasara. Hatari yake ni kubwa kuliko mfuko wa soko la fedha, kwa hiyo isizidi sehemu ambayo mkiipoteza yote hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani. Na msidhani kila kinachotunza mazingira lazima kile faida yenu. Kule Gede, tangu 1993, wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo chini ya mradi wa Kipepeo na kuuza pupa, yaani vipepeo ambao bado wako ndani ya ganda, nje ya nchi. Wanauhitaji msitu usimame ili wapate pesa. Hapo hakuna aliyeombwa kujinyima.

Kuhusu mgawanyiko wa chama, fanyeni kama wale Waholanzi: kura yenye uzito, tena ya siri. Msiulizane "nani anapenda mikoko", kwa sababu hakuna mwanamke wa Lamu atakayesimama mbele ya wenzake aseme haipendi. Kila mmoja apewe kikaratasi aandike namba moja tu: katika faida yangu ya mwaka, niko tayari zitoke shilingi ngapi. Anayeandika sifuri asiulizwe kwa nini. Jumlisheni, na jumla hiyo ndiyo bajeti yenu ya mazingira, iwe 12,000 au 3,000. Naamini itawashangaza, na naamini haitakuwa sifuri.

Umeuliza kama mkikataa mtakuwa mmekosea. Kukataa mfuko huu si kuikataa mikoko, na mtu yeyote anayewafanya mjisikie hivyo anawauzia aibu. Mfuko wenyewe bado unaweza kuwa mzuri, sijauona. Akirudi yule kijana, mkaribisheni, mpeni kahawa na halua, kisha mwekeeni mbele ada ya mwaka ya mfuko wake na ya mfuko wenu, faida ya miaka mitatu iliyopita baada ya kodi, na orodha ya vitu ambavyo mfuko umenunua kwa majina. Mwulize pia zile pesa zinakwenda kwa anayejenga au kwa anayeuza hisa zake. Mwisho mwulize ni mikoko ya wapi, hekta ngapi, na nani anaitunza. Kama ni ya Lamu, mwombe awapeleke mkaione. Maji yakiwa bamvua ni safari ya asubuhi moja tu.